Bahasha ya Mweka: Bakshishi ya kundi ifuate kazi, si sura

*Makundi ya wapanda Kilimanjaro hushuka na furaha ya kileleni, kisha hukwama kwenye swali moja: nani atoe kiasi gani, na apewe nani? Jibu linapaswa kupatikana Moshi kabla ya safari, si langoni baada yake.*

Kwenye Lango la Mweka, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, safari nyingi za njia ya Machame na Lemosho huishia kwa namna inayofanana. Wageni wamekwisha kusaini daftari la hifadhi, viatu vimeganda tope, vyeti vinasubiriwa. Wapagazi wameimba na kupiga makofi. Kisha wageni hujitenga pembeni, wakaanza kuhesabu noti na kuulizana kwa sauti ya chini. Mmoja amekuja na dola 300 alizotenga tangu kwao. Mwingine ana 50 na anaamini zinatosha, kwa kuwa nchini kwake huduma imo ndani ya bei. Wa tatu alishushwa siku ya tatu kwa ugonjwa wa mwinuko, na haoni kwa nini alipie kilele ambacho hakukiona. Wa nne amekwisha kumwita kando mwongozaji msaidizi aliyemshika mkono usiku wa kupanda kileleni, akamtilia noti mfukoni. Hatua chache kutoka hapo wamekaa watu karibu 30 wanaosubiri, kila mmoja akijitahidi asionekane anatazama.

Mkanganyiko huo huchukuliwa kama jambo dogo la adabu, aibu ya dakika chache ambayo basi la kurudi Moshi litaifuta. Si dogo hata kidogo. Kwa mpagazi, fedha zinazozungumzwa pembeni ni sehemu kubwa ya kipato cha wiki nzima. Kwa wageni, ni jambo linaloweza kuwakosanisha watu waliolala hema moja. Na chanzo chake si uchoyo wa fulani wala ukarimu wa fulani. Kundi limeajiri watu kwa pamoja, kisha linataka kuwashukuru mmoja mmoja. Kazi iliyofanywa kwa kundi inadai bakshishi iliyopangwa na kundi: ihesabiwe kwa idadi ya wafanyakazi, ikubaliwe kabla ya kupanda, na isomwe mbele ya wote.

Hesabu inayowapoteza wengi

Kosa la kwanza ni la hesabu. Tangu mwaka 2003 Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP na wenye makao yake Moshi, umekuwa ukiwaeleza wageni na kampuni namna ya kuwatendea haki wapagazi. Viwango vya bakshishi ambavyo vimezoeleka kutajwa mlimani ni karibu dola 20 kwa siku kwa mwongozaji mkuu, 15 kwa msaidizi wake, 12 kwa mpishi, na kati ya 6 na 10 kwa mpagazi. Jambo ambalo wageni wengi hawalishiki ni kwamba viwango hivyo hutolewa na kundi zima kwa kila mfanyakazi. Si kila mgeni ampe kila mfanyakazi kiasi hicho. Asiyelielewa hilo hushtuka akidhani anadaiwa maelfu ya dola, akakata tamaa na kutoa chochote. Mwenzake asiyepiga hesabu kabisa hutoa kiasi ambacho angemwachia mhudumu wa hoteli.

Chukua mfano wa kundi la watu 8 kwa siku 7 katika njia ya Machame. Kundi kama hilo linaweza kuwa na mwongozaji mkuu, wasaidizi 3, mpishi na wapagazi 24, jumla watu 29. Kwa viwango vilivyotajwa, na mpagazi akiwekewa dola 8 kwa siku, mwongozaji mkuu atapata dola 140, wasaidizi kwa pamoja 315, mpishi 84, na wapagazi wote 1,344. Jumla ni dola 1,883, yaani takriban 235 kwa kila mgeni. Sasa tuseme kila mgeni aliamua kivyake kwamba 50 zinatosha. Kapu lote litakuwa na dola 400. Ukizigawa sawasawa kwa watu 29 na siku 7, kila mmoja anaondoka na pungufu ya dola 2 kwa siku. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekusudia kumpa mtu aliyembebea hema hadi kambi ya Barafu kiasi hicho. Kimetokea kwa sababu hakuna aliyekaa na wenzake akapiga hesabu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha pia kwamba kundi ni nafuu, wala si mzigo. Anayepanda peke yake kwa siku hizo 7, akiwa na mwongozaji mmoja, mpishi na wapagazi wanne, atafikia dola 448 kwa viwango hivyohivyo. Aliye katika kundi la watu 8 analipa karibu nusu ya hizo. Anayenufaika na unafuu wa kundi wakati wa kulipia safari hana hoja ya kulikimbia kundi wakati wa kushukuru.

> Ukigawa dola 400 kwa watu 29 na siku 7, kila mmoja anaondoka na pungufu ya dola 2 kwa siku.

Kila mmoja na mila ya kwao

Kosa la pili ni kudhani kwamba wote waliomo hemani wanaelewa bakshishi kwa namna moja. Mmarekani ametoka katika nchi ambayo sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, mradi bakshishi ijazie pengo hadi kima cha chini cha kawaida. Kwake, kutotoa ni sawa na kumnyima mtu mshahara. Mfaransa amezoea bei ambayo huduma imo ndani yake kwa mujibu wa sheria, na anachoacha mezani ni nyongeza ya hiari. Mjapani amekulia mahali ambapo bakshishi si desturi, na kumpa mhudumu noti mkononi kunaweza kumfadhaisha. Ukiwaweka hawa watatu katika kundi moja na ukaacha kila mtu afuate dhamiri yake, utapata viwango vitatu vilivyo mbali sana, na kila mmoja ataondoka akiwaona wenzake ama wabahili ama wapenda sifa.

Hakuna aliyekosea kati yao. Kila dhamiri imefundishwa na mfumo wa malipo wa nchi yake, na mfumo wa Kilimanjaro si wowote kati ya hiyo. Ndiyo maana dhamiri peke yake haitoshi kuwa kipimo. Kipimo kinachofaa ni kile cha mahali kazi inapofanyika, na wenye wajibu wa kukieleza mapema ni kampuni iliyouza safari na mwongozaji anayewaandaa wageni usiku wa kuamkia kupanda.

Wanaoonekana na wasioonekana

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ni ya haki kati ya wafanyakazi wenyewe. Bakshishi inayotolewa na mtu mmoja mmoja hufuata sura. Mwongozaji msaidizi hutembea bega kwa bega na mgeni. Mhudumu wa chakula humletea chai hemani alfajiri. Hawa mgeni anawajua kwa majina, amepiga nao picha, amewaonyesha watoto wake kwenye simu. Lakini nani ameleta maji ya chai hiyo? Kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, haina chanzo cha maji. Maji hubebwa kutoka bonde la Karanga, vichwani na mabegani mwa watu ambao mgeni huenda hajasalimiana nao.

Wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, hukunja kambi baada ya wageni kuondoka, huwapita njiani, na kuwafikia mbele wakiwa tayari wamesimamisha hema. Mzigo wa kampuni anaoruhusiwa kubeba mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20, nao hupimwa kwenye mizani langoni, mbali na vitu vyake mwenyewe. Usiku wa kupanda kileleni, wengi wao hubaki Barafu. Picha ya kwenye ubao wa Uhuru, mita 5,895, haiwaonyeshi, ingawa pasipo wao hakuna ambaye angefika hapo. Kazi yao ikifanyika vizuri, mgeni haioni kabisa: anakuta hema limesimama, choo kimewekwa, supu ina moto.

Kwa hiyo noti inayotiwa mfukoni kwa siri, hata ikitoka kwenye moyo mweupe, inawazawadia walio karibu na macho na kuwasahau walio karibu na mzigo. Bakshishi ya kundi, ikipangwa kwa nafasi na kwa siku, hurekebisha hilo. Anayeosha sufuria na anayebeba mtungi wa gesi wanapata sawa na mpagazi mwenzao aliyebahatika kubeba begi la mgeni mchangamfu. Hii haimzuii mtu kumpa zawadi ya ziada aliyemwokoa kwenye theluji. Inamtaka tu amalize kwanza wajibu wake katika kapu la pamoja, na ziada yake isitokane na sehemu ya wengine.

> Noti ya siri inawazawadia walio karibu na macho na kuwasahau walio karibu na mzigo.

Aliyeshuka, mwanafunzi, na asiyeridhika

Mpango wowote hupimwa kwa mambo magumu, na kundi la mlimani lina matatu yasiyokosekana. La kwanza ni la mgeni aliyeshushwa kabla ya kilele. Hoja yake inaeleweka: hakupata alichokifuata. Lakini alichoajiri si kilele. Aliajiri watu wa kumbebea, kumpikia na kumlinda, na miongoni mwa kazi za kumlinda, ya thamani zaidi ni ile ya mwongozaji aliyesema imetosha na kumteremsha angali hai. Kuumwa kwake hakukupunguza kazi, kuliiongeza: msaidizi mmoja aliacha kundi ili kumsindikiza, na waliobaki wakagawana majukumu yake. Asipotoa sehemu yake, pengo litawaangukia wafanyakazi au wenzake. Katika mfano wetu, mgeni mmoja akitoa 50 badala ya 235, wenzake saba watalazimika kuongeza zaidi ya dola 26 kila mmoja, au watu 29 wagawane upungufu huo.

La pili ni la tofauti ya kipato. Katika kundi moja wanaweza kuwemo daktari bingwa na mwanafunzi aliyeweka akiba miaka miwili. Je, ni haki watoe sawa? Jibu lenye busara ni kwamba jumla ya kapu isibadilike, lakini namna ya kulijaza inaweza kubadilika kwa maelewano. Kundi linalozungumza mapema linaweza kukubali mwenye uwezo aongeze kidogo na asiye nao apunguziwe, bila mtu kufedheheshwa. Kinachoumiza ni kugundua tofauti hiyo langoni, mbele ya watu 30, ambapo asiye nacho hulazimika ama kukopa ama kujificha. Na kwa upande wa pili, mwenye nacho asijione ana haki ya kupanga mgawanyo peke yake kwa kuwa ametoa zaidi.

La tatu ni la huduma mbovu. Mgeni aliyepewa chakula kibaya au aliyeharakishwa njiani ana haki ya kulalamika. Ila malalamiko yaelekezwe panapostahili. Chakula kikiwa haba, mara nyingi aliyepanga bajeti ya sokoni ni kampuni wala si mpishi. Kumkata mpagazi kwa kosa la ofisini ni kumwadhibu asiyehusika. Mfanyakazi mmoja akiwa na kosa la wazi, kundi linaweza kulijadili na kupunguza sehemu yake kwa sababu inayotajwa. Hilo pia huwezekana pale tu ambapo kila nafasi ina fungu lake linalojulikana. Kapu lisilo na mgawanyo haliwezi kumtofautisha mwema na mzembe.

Hiari itabaki wapi?

Wapo watakaosema kwamba bakshishi iliyopangwa si bakshishi tena, ni ada iliyojificha. Shukrani, wanasema, hutoka moyoni na haina bei. Hoja hii ina uzito, na haipaswi kupuuzwa kwa kusema tu kwamba watu ni maskini. Lakini inasahau kwamba hiari ya kweli inahitaji mtu ajue anachoamua. Mgeni anayeelezwa siku ya kwanza idadi ya wafanyakazi na viwango vya kawaida yuko huru zaidi kuliko anayekabidhiwa bahasha langoni akiwa amechoka, anatazamwa na hana noti ndogo. Wa kwanza anaweza kuuliza, kupanga, hata kukataa kwa sababu. Wa pili anasukumwa na aibu, na aibu si hiari.

Wengine watauliza: mbona nimelipa fedha nyingi tayari? Ni kweli safari ni ghali. Lakini bei ya safari si mshahara wa mpagazi. Ada za hifadhi peke yake, kwa mgeni asiye mkazi anayelala mlimani siku 7, zinapita dola 800. Hapo bado chakula, usafiri, hoteli na faida ya kampuni. Kampuni inapouza safari kwa bei ya chini mno, mahali palipo rahisi kupunguza ni kwenye ujira wa watu, kwa maana ada za serikali hazipunguziki. Mgeni aliyefurahia kupata bei ya kutupa anapaswa kujiuliza ni nani aliyelipa tofauti hiyo.

Mshahara kwanza

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema kwamba kuipanga bakshishi vizuri ni kuwapa kampuni nafasi ya kulipa vibaya. Historia inaliunga mkono. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kampuni ya reli ya Pullman iliwaajiri watu weusi waliotoka utumwani kuwahudumia abiria wa mabehewa ya kulala, kwa ujira mdogo ulioachwa ujazwe na bakshishi. Abiria waligeuzwa walipaji wa mishahara bila kujua. Mwaka 1925 wahudumu wa mabehewa hayo waliunda chama chao kikiongozwa na A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakapata mkataba ulioongeza malipo na kupunguza saa za kazi kutoka karibu 400 kwa mwezi hadi 240. Hali yao ilibadilishwa na mshahara na mkataba. Ukarimu wa abiria haukuibadilisha.

Somo hilo linahusu Kilimanjaro moja kwa moja. Kiwango ambacho KPAP ilikidai kwa miaka mingi kutoka kwa kampuni washirika wake kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku kwa mpagazi, pamoja na milo ya kutosha, hema la kulala na mizigo isiyozidi kipimo. Hayo ni haki, wala hayategemei furaha ya mgeni. Kwa hiyo kundi linalopanga bakshishi lina swali moja la kuuliza kabla ya kulipa hata senti: wapagazi wenu mnawalipa kiasi gani kwa siku, na lini? Kampuni inayojibu kwa kuonyesha viwango vyake inastahili kuaminiwa. Inayojibu kwamba bakshishi zenu zitawatosha imekwisha kujieleza. Mpango mzuri wa bakshishi haufuniki mshahara mbaya. Unaufichua, kwa sababu unaweka wazi kipi ni ujira na kipi ni shukrani.

> Kampuni inayosema bakshishi zenu zitawatosha imekwisha kujieleza.

Daftari lisomwe hadharani

Mbinu za kutunza fedha za pamoja si ngeni kwetu. Harusi na misiba ya Tanzania na Kenya huendeshwa kwa michango: kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna daftari, na mwishoni mapato na matumizi husomwa. Hakuna anayeona kusomewa hesabu ni kudhalilishwa. Asiposomewa ndipo anaponung'unika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bahasha inayokabidhiwa mwongozaji mkuu ikiwa imefungwa ni mali bila daftari. Waongozaji wengi ni waaminifu. Ila hata mwaminifu hushukiwa pale ambapo wapagazi 24 hawajui kilichomo ndani. Kumsomea kila mtu fungu lake hadharani kunamlinda mpagazi dhidi ya kupunjwa, na kunamlinda mwongozaji dhidi ya kusingiziwa.

Dunia nayo inaelekea huko. Uingereza, tangu Oktoba 1, 2024, sheria inawataka waajiri kuwakabidhi wafanyakazi bakshishi yote bila makato, kuigawa kwa haki, kuwa na utaratibu ulioandikwa na kutunza kumbukumbu. Mlimani hatuhitaji kusubiri sheria kama hiyo. Karatasi moja inatosha: majina ya nafasi, idadi ya watu, siku walizofanya kazi, kiasi kwa siku, jumla. Mgeni mmoja achaguliwe kuwa mweka hazina tangu Moshi. Ajue mapema kwamba noti za dola zilizochanika au zilizochapishwa kabla ya 2006 hukataliwa sehemu nyingi, kwamba noti ndogo za dola hubadilishwa kwa bei ya chini katika maduka ya fedha, na kwamba kuwapa watu watatu noti moja ya 100 ni kuwapa kazi nyingine. Shilingi zilizokwisha kugawanywa ndizo zinazomfaa mpokeaji. Kwa makundi ya Afrika Mashariki, kutuma moja kwa moja kwenye simu ya kila mfanyakazi kunaondoa bahasha kabisa.

Hilo linawahusu pia Watanzania wenyewe. Kila mwaka makundi ya maofisi, vyuo na wachangishaji hupanda mlima huu, hasa kuelekea Desemba 9, kuenzi siku ambayo mwaka 1961 Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera kileleni. Bajeti zao huweka usafiri, fulana na picha. Fungu la bakshishi nalo liwemo tangu kikao cha kwanza, hata kama ni dogo kuliko la wageni wa ng'ambo. Uzalendo wa kupanda mlima wetu haukamiliki ukiwaacha mikono mitupu waliotubebea maji.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha mpya wala sheria mpya. Kampuni ziandike viwango vya mishahara na idadi ya wafanyakazi kwenye mkataba wa safari. Waongozaji wawaeleze wageni usiku wa kuamkia kupanda, bila kuona haya. Wageni wakubaliane jumla, wachague mweka hazina, wajaze kapu kabla ya zawadi za mtu binafsi. Mamlaka ya hifadhi, ambayo tayari ina mizani ya kupima mizigo langoni, ingeweza kuweka ubao unaoeleza viwango hivyo kwa lugha kadhaa, ili kila anayeingia aanze safari akijua deni lake kwa watu watakaomfikisha juu na kumrudisha salama. Kundi likifanya hivyo, ugomvi wa langoni hautakuwa na chakula cha kuishi, na mpagazi wa mwisho katika orodha atapata kilicho chake, awe amewahi kupigwa picha na mgeni au la.